Maji Moto ya Banza na Swali la Mwanzo wa Uhai

Wapendwa wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, na ninyi mlioko Samba, Kipaka, Salamabila na kandokando ya Mto Luama, leo tuiache kidogo bei ya mihogo na hali ya barabara. Tuzungumze jambo ambalo kila mtoto huliuliza na sisi wakubwa hulikwepa: uhai ulianzaje hapa duniani, kabla hajakuwepo mzazi wa kuzaa?

Nianze na tarehe 1 Februari 1871. Siku hiyo, huko Uingereza, Charles Darwin alimwandikia barua rafiki yake Joseph Hooker. Siku hiyo hiyo David Livingstone alikuwa hapa kwetu Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre katika daftari zake. Vidonda vya miguu vilikuwa vimemkalisha miezi mingi, naye alikuwa akingoja watu na bidhaa kutoka pwani ili aendelee hadi Nyangwe, auone Lualaba, mto alioudhani kuwa ndio Nile. Yeye alikuwa akitafuta chanzo cha mto kwa miguu iliyooza. Darwin, nyumbani kwake, alikuwa akiwaza chanzo cha vyote vyenye uhai.

Katika barua ile Darwin alimwomba mwenzake afikirie kidimbwi cha maji ya uvuguvugu, chenye amonia na chumvi za fosforasi, kinachopata mwanga, joto na umeme. Alidhani kwamba ndani yake ingeweza kujiunda kemikali ya aina ya protini, iliyo tayari kubadilika zaidi. Kisha akaongeza neno la busara sana: leo kemikali hiyo ingeliwa papo hapo na viumbe vilivyopo, lakini kabla ya uhai hapakuwa na wa kuila. Hapo lipo jibu kwa wale wanaoniuliza kila mara mbona hatuoni uhai mpya ukichipuka mtoni. Louis Pasteur, Mfaransa, alikuwa ameshathibitisha miaka ya 1860 kwamba supu iliyochemshwa na kukingwa isiingiwe na vumbi haioti vijidudu. Uhai wa leo hutoka katika uhai. Ule wa kwanza ndio uliopaswa kutoka pengine.

Darwin hakuichapisha fikra ile. Hata hivyo, zaidi ya miaka 150 sasa, wanasayansi wanazunguka ndani ya orodha yake ileile: maji, amonia, fosforasi, mwanga, joto, umeme. Nami nimeleta mazungumzo haya redioni kwa sababu moja. Vijana wetu wanadhani kwamba sayansi ya namna hii ni ya watu wa mbali, wenye maabara ya vioo, na kwamba Maniema haimo. Maniema imo. Ukiifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Kasongo ikapita Kabambare, ikashuka Ziwa Tanganyika na kuvuka hadi Ujiji, utaikuta orodha ya Darwin karibu yote ikiwa imelala kandokando ya njia.

Tuanze na umeme, kwa kuwa huo hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya radi za dunia nzima, waliyoikusanya kwa setilaiti kati ya mwaka 1998 na 2013. Mahali pa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo, Venezuela. Pa pili ni Kabare, Kivu Kusini. Pa tatu, wasikilizaji, ni Kampene, teritwari ya Pangi, ndani ya mkoa wetu huu wa Maniema: zaidi ya radi 170 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Tumezika watu kwa ajili ya radi hizo, tunazijua.

Sasa sikilizeni kilichofanywa na kijana wa miaka 22 huko Chicago mwaka 1952. Stanley Miller, chini ya mwalimu wake Harold Urey, alifunga ndani ya chupa za kioo maji, methani, amonia na haidrojeni, gesi zilizodhaniwa kuwa ndizo zilizokuwa hewa ya dunia changa. Akayachemsha maji, akapitisha cheche za umeme katika gesi zile badala ya radi. Baada ya juma moja maji yalikuwa yamegeuka rangi, na ndani yake alikuta asidi amino, zile kemikali ambazo miili yetu inazifunga pamoja kutengeneza protini. Habari ilichapishwa Mei 1953. Miller alifariki mwaka 2007, na waliomfuata wakafungua vichupa vyake vya zamani vilivyokuwa vimehifadhiwa, wakavipima kwa mitambo ya siku hizi. Katika jaribio mojawapo walihesabu zaidi ya asidi amino 20, nyingi kuliko alizoweza kuziona yeye mwenyewe.

Jaribio lile lina udhaifu, na ni haki kuusema. Wanajiolojia wengi sasa wanaona kwamba hewa ya dunia changa ilikuwa zaidi ya naitrojeni na hewa ukaa, si methani na amonia nyingi, na katika mchanganyiko huo radi haizai sana. Labda ilizaa zaidi penye volkano, ambako gesi zinazotoka chini ni za aina nyingine na mawingu ya majivu yamejaa umeme. Mtu wa Goma aliyeona Nyiragongo akiwaka usiku hatahangaika kulielewa hilo.

Lakini malighafi hazikutegemea radi peke yake. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, Tanganyika, karibu na Ziwa Rukwa, upande wa pili wa ziwa letu kuelekea kusini. Kilichookotwa ni kama gramu 700 tu, uzito wa mkate mdogo. Jiwe hilo jeusi ni miongoni mwa mawe adimu kabisa ambayo binadamu amewahi kuyashika: kwa mchanganyiko wake wa elementi halikubadilika sana tangu jua na sayari zilipoanza kuundwa, miaka bilioni 4.56 iliyopita. Wanasayansi wa dunia nzima wanaliita kundi zima la mawe ya namna hiyo kwa jina la kijiji hicho, na herufi I katika alama yao, CI, ni ya Ivuna. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba ndani yake mna asidi amino, nyepesi kabisa miongoni mwake ikiwa glisini. Wajapani walipotuma chombo kwenye kimondo-sayari Ryugu na kurudi na mchanga wake Desemba 2020, walikuta unafanana na jiwe la Ivuna. Na mchanga wa Bennu, kimondo-sayari kingine, ambao Wamarekani waliuleta Septemba 2023, ulipofunguliwa ulionyesha asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazotumika katika protini zetu, pamoja na besi zote tano zinazoandika urithi katika DNA na RNA. Matokeo hayo yalitolewa Januari 2025. Ndani ya mchanga huohuo mlikuwa na chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka, huko angani, kabla dunia haijatulia.

Kwa hiyo swali la malighafi, kwangu mimi, limekwisha kujibika kwa kiasi kikubwa. Zilitengenezwa hapa, na zilinyesha kutoka juu. Lakini asidi amino si uhai. Unaweza kuwa na gunia lake na hakuna kitakachotikisika. Kigumu ni kupata mahali ambapo kemikali hizo zinakusanyika, zinapata nguvu ya kuungana, zinafungwa ndani ya kitu, na zinaanza kujinakili. Mabishano makali yako hapo, na hapo ndipo tunaposhuka ziwani.

Ukitoka Kabambare kuelekea mashariki unaingia Fizi, na ng'ambo ya milima ya Fizi peninsula ya Ubwari inachomoza ndani ya Ziwa Tanganyika. Huko kuna Rasi ya Banza. Aprili 1987 watafiti waligundua chini ya maji, Banza na pia Pemba, matundu yanayobubujisha maji moto kutoka ndani ya ardhi. (Pemba hii ni ya kwetu, pwani ya kaskazini-magharibi ya ziwa, msiichanganye na kisiwa cha Zanzibar.) Mwaka 1991 walirudi, wanasayansi kumi, katika msafara ulioitwa TANGANYDRO, wakapiga mbizi na kuyafuata matundu hayo hadi kina cha mita 46. Vipimajoto vyao vilisoma kuanzia digrii 53 hadi 103 katika maji na matope. Maji ya digrii 103 hayageuki mvuke huko chini kwa sababu uzito wa ziwa unayakandamiza.

Mambo yanakwenda hivi. Bonde la Ufa linaipasua Afrika, na Ziwa Tanganyika limejaa ndani ya mpasuko huo. Maji hupenya katika nyufa, hushuka hadi kwenye mawe ya moto, huyeyusha madini, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba mzigo. Yanapokutana na maji baridi ya ziwa, mzigo unaachwa. Pale Banza umejenga mabomba ya aragoniti, ambayo ni aina ya chokaa, yenye kimo cha sentimita 1 hadi 70, na kuta za ndani zimepakwa piriti. Pale Pemba kuna mishipa ya piriti na markasiti yenye unene wa sentimita 1 hadi 10. Na maji yenyewe yanatofautiana: ya Pemba yana magadi, sawa na maji ya moto ya Magadi na Bogoria kule Kenya, ya Banza yana chumvi ya kula, jirani wa maji ya Uvinza, ambayo chumvi yake ilivuka ziwa hili kwa biashara tangu zamani za mababu.

Wachimbaji wa Namoya, ninyi piriti mnaijua kwa macho. Ni lile jiwe linalong'aa njano na kumpa mchimbaji mgeni furaha ya dakika mbili. Na mshipa wa kwatzi mnaoufuata kwa sululu, ule mweupe unaopita katikati ya mwamba, ulikuwa ufa uliopitisha maji moto yaliyobeba dhahabu na salfa. Maji yakapoa, mzigo ukabaki. Mawe ya ukanda huu wa Kibara yana umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Mnachokifukua ni njia ya maji moto iliyokauka zamani mno. Banza ni njia ya aina hiyo inayofanya kazi leo. Napenda mjue hivyo mnaposhika jiwe mkononi.

Kwa nini piriti imeingia katika habari za uhai? Mwaka 1988 Günter Wächtershäuser, mwanakemia wa Munich aliyekuwa pia mwanasheria wa hataza, alitoa hoja kwamba chuma na salfa vinapoungana kuwa piriti huachilia nguvu na haidrojeni, na kwamba uso wa madini hayo hukamata kemikali ndogo na kuzisogeza karibu hadi ziungane. Mwaka 1997 yeye na Claudia Huber walichukua gesi ambazo hutoka kwenye volkano, wakaziweka pamoja na salfaidi za chuma na nikeli katika maji ya moto, wakapata asidi ya siki. Kaboni mbili ziliunganishwa na jiwe tupu, bila kiumbe chochote kusaidia. Tena, wasikilizaji, ndani ya kila seli ya miili yetu, pale chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu, vimo vifungu vidogo vya chuma na salfa vinavyopokezana umeme. Vimo katika bakteria wa matope na vimo ndani yako wewe unayenisikiliza sasa. Sioni namna ya kulifikiria jambo hilo bila kutikisika.

Upande huo wa hoja ulipata nguvu mpya mwaka 2000, pale mabomba makubwa meupe ya chokaa yalipogunduliwa chini ya bahari ya Atlantiki, mahali palipopewa jina Lost City. Maji yake ni ya moto wa wastani, yana haidrojeni nyingi, na ni chungu kwa namna ya magadi. Mwanasayansi Mike Russell alikuwa amekwisha kutabiri mahali pa aina hiyo. Hoja yake, aliyoijenga baadaye pamoja na William Martin, ni hii: seli zote hutengeneza nguvu kwa kutumia tofauti ya asidi kati ya upande mmoja wa utando na mwingine, na vitundu vidogo ndani ya mabomba hayo vilikuwa na tofauti hiyo bure, kabla ya seli yoyote. Martin na wenzake walichunguza jeni za bakteria na arkea mwaka 2016, wakachora picha ya babu wa mwisho wa viumbe vyote vya leo: aliishi bila oksijeni, akitumia haidrojeni na hewa ukaa, mahali pa moto. Hesabu nyingine ya mwaka 2024 inamweka babu huyo kwenye miaka kama bilioni 4.2 iliyopita. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.54. Uhai haukuchelewa.

Hapa lazima nizuie kitu kisije kikasikika vibaya na kesho kikazunguka sokoni. Sisemi kwamba uhai ulianzia Banza. Ziwa Tanganyika, pamoja na ukongwe wake wa kuwa miongoni mwa maziwa ya kale zaidi duniani, lina miaka milioni kama kumi tu, na hata mawe ya Kabambare ni machanga mbele ya habari hii. Ukitaka mawe ya zamani hizo barani kwetu, nenda Barberton, Afrika Kusini, kwenye mawe ya zaidi ya miaka bilioni 3. Banza inatuonyesha kazi ikifanyika, si mahali ilipofanyika mara ya kwanza.

Sasa wapo wasiokubaliana na hoja ya chini ya bahari, nami nimekaa muda mrefu nikizipima pande mbili. Ili kuona wanachopinga, tuichukue sabuni. Akina mama wanaopika sabuni ya mawese wanajua kwamba ukifulia maji ya chumvi, au maji magumu yenye chokaa, povu linakataa na badala yake unapata uchafu mweupe unaoganda. Sabuni hutokana na asidi za mafuta, na mojawapo, asidi ya palmitiki, imepewa jina kutokana na mchikichi wetu. Asidi hizo zikiwa ndani ya maji safi yanayofaa hujipanga zenyewe, vichwa upande wa maji na mikia ikifichana, na kufunga vibofu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli hai imefunikwa kwa utando unaofuata kanuni hiyohiyo. David Deamer wa California alichukua kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia Septemba 1969, akakamua mafuta yake, na mwaka 1985 akaonyesha kwamba yanajifunga kuwa vibofu. Utando kutoka angani! Baadaye kundi lake lilijaribu katika maji ya chemchemi za moto za nchi kavu, vibofu vikajengeka. Katika maji ya bahari vikavunjika. Jambo lilelile mama analoliona kwenye beseni.

Walio upande wa bahari hawakunyamaza. Mwaka 2019 kundi la Nick Lane, London, lilichanganya mafuta ya aina nyingi kwa pamoja badala ya aina moja au mbili, na vibofu vikasimama hata katika maji ya moto yenye chumvi na ukali wa magadi. Kwa hiyo chumvi peke yake haiwezi kufunga kesi.

Kinachonivuta mimi upande wa nchi kavu ni kukauka. Asidi amino mbili zikiungana, hutoa molekuli moja ya maji; vivyo hivyo vipande vya RNA. Katikati ya maji mengi muungano huo unapingwa na maji yenyewe. Ukingoni mwa chemchemi ya moto, ambapo maji hujaa, hukauka, kisha hujaa tena, kemikali hubanwa pamoja kwenye jiwe la moto na kuungana, halafu maji yanaporudi huzifunika kwa utando. Mzunguko huo unajirudia mara elfu na elfu. Chini ya bahari hakuna kukauka. Na mwaka 2017, huko Pilbara, Australia, katika mawe ya miaka bilioni 3.48 yenye alama za vijidudu vya kale, watafiti walikuta pia mabaki ya chemchemi za moto za nchi kavu. Mabaki hayo hayathibitishi mwanzo. Yanathibitisha kwamba uhai wa zamani mno ulikuwa ukikaa penye maji ya namna hiyo.

Halafu iko fosforasi, ambayo Darwin hakuisahau. Bila hiyo hakuna DNA, hakuna RNA, hakuna nguvu ndani ya seli. Tatizo ni kwamba katika maji ya kawaida fosforasi hukamatwa na kalisi na kuzama kama jiwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Jonathan Toner na David Catling, walionyesha njia ya kutoka: katika maziwa ya magadi, kalisi hukamatwa kwanza na kaboneti, na fosforasi inabaki huru majini, maelfu ya mara kuliko baharini. Mfano mmoja walioutaja ni Ziwa Magadi, Kenya. Kumbukeni nilichosema kuhusu maji ya Pemba: ni ndugu wa maji ya Magadi. Maji moto ya magadi, piriti pembeni yake, na pwani inayokauka jua likiwaka: kama ningelazimishwa kuchora mahali pa mwanzo, ningechora kitu cha aina hiyo, juu ya nchi kavu, na si gizani chini ya bahari.

Kuhusu kujinakili nitapita haraka, kwa kuwa saa inatukimbiza na jambo lenyewe linastahili jioni yake. Kwa muda mrefu kulikuwa na mzozo kati ya protini na DNA, kwa sababu kila moja inaihitaji nyingine ili iwepo. Thomas Cech na Sidney Altman waligundua kwamba RNA inaweza kubeba maandishi na pia kufanya kazi ya kukata na kuunga kama protini. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1989. Mwaka 2009 John Sutherland na wenzake, huko Manchester, waliweza kuunda vipande viwili kati ya vinne vya RNA kutokana na kemikali nyepesi. Kazi yao ilihitaji miale ya urujuanimno ya jua. Mwanga, ule wa Darwin. Nao uko juu ya ardhi.

Mzee mmoja akinisikiliza sasa atauliza: na Mungu umemweka wapi? Swali ni halali, tena mji wetu wa Kasongo una misikiti tangu enzi za waungwana na una kanisa la jimbo. Najibu kwa moyo mweupe. Wanaosali msikitini wameambiwa kwamba vyenye uhai vimetokana na maji. Wanaosali kanisani wameambiwa habari ya udongo. Sayansi haiji kuuliza kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu, wala kwa nini tuna deni la kupendana. Inauliza maji yalifanya nini, udongo ulifanya nini, kwa hatua ipi baada ya ipi. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyetangulia kueleza kwamba ulimwengu ulianza na unapanuka, alikataa kabisa hesabu zake zitumiwe kama hoja ya dini, naye alisali kila siku. Mtu anayeogopa kulijua jiwe kwa ajili ya kumlinda Muumba, naona anampunguzia Muumba heshima.

Na hakuna maabara yoyote duniani iliyokwisha kutengeneza seli hai kuanzia mawe, maji na gesi. Vipande viko, mnyororo haujakamilika. Hata utakapokamilika, tutakuwa tumejua njia moja inayowezekana, na itabaki kazi ya kuonyesha kwamba ndiyo iliyopitwa.

Sasa neno kwa vijana wanaosoma kemia na biolojia katika shule zetu za sekondari, na kwa walimu wao. Lost City iko katikati ya Atlantiki, mita 700 hadi 800 chini ya maji. Kufika kwake kunahitaji meli kubwa na chombo cha kuzamia chenye gharama ya kutisha. Matundu ya Banza na Pemba yako ndani ya mita 46, kina ambacho mzamiaji aliyefundishwa vizuri, mwenye mtungi wa hewa mgongoni, anaweza kukifikia. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, kinacholichunguza ziwa miaka mingi. Kindu kuna chuo kikuu. Vita na barabara mbovu vimetutenga na pwani ya ziwa ambayo mababu zetu waliifikia kwa miguu, najua. Lakini yapo maswali ambayo yanaweza kupimwa hapa kuliko mahali pengi duniani: maji ya Pemba yana fosforasi huru kiasi gani? Je, asidi ya mafuta ya mawese inafunga vibofu ndani yake, na inafanya nini ndani ya maji ya chumvi ya Banza? Nani anaishi juu ya yale mabomba ya aragoniti, na anakula nini? Swali la pili linahitaji chupa mbili za maji, sabuni ya mawese, siki kidogo ya kuipunguza ukali, na darubini ya shule.